Nilikaa na College Scorecard kabla binti hajasaini mkopo

Mara ya kwanza kuifungua College Scorecard ilikuwa mwaka 2020, nikiwa tayari nadaiwa dola 27,400. Mara ya pili ilikuwa kiangazi cha 2024, meza ya jikoni hapa Columbus, Ohio. Pembeni yangu alikaa binti wa dada yangu, karatasi za mkopo ziko mbele yetu na kalamu juu ya karatasi hizo. Ninayoyaandika hapa yametokana na hizo mara mbili, nikiwa mtu aliyesomea afya kwa mkopo kwenye vyuo viwili vya aina tofauti na bado anaulipa.

Kwa asiyeijua, hii ni tovuti ya bure ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Unaandika jina la chuo au fani, inakuonyesha gharama ya mwaka, sehemu ya wanafunzi wanaomaliza, deni la waliohitimu na kipato chao miaka kadhaa baadaye. Ilizinduliwa upya Septemba 2015, enzi za Obama, lakini kwa watu wa fani zetu ilianza kufaa mwaka 2019, zilipoingia takwimu za programu mojamoja badala ya chuo kizima. Na kipato hicho chuo hakijajitangazia. Kimechukuliwa kwenye kumbukumbu za kodi za serikali. Ukishawahi kukaa mbele ya afisa udahili mwenye maneno matamu, utaelewa kwa nini naanza na hilo.

Mimi nilikaa mbele yake mwaka 2017. Nilikuwa na mwaka mmoja tu nchini, nimetoka Tanga kwa bahati nasibu ya grinikadi, nabeba boksi ghalani usiku na mchana natunza wazee. Kwenye kundi letu la WhatsApp ushauri ulikuwa mmoja: soma kitu kifupi cha afya, hospitali hazifungwi. Chuo binafsi, kile cha kuendeshwa kwa faida, kilikuwa karibu na kituo cha basi. Nilijaza namba yangu ya simu kwenye tovuti yao Jumatano jioni, Alhamisi saa tatu asubuhi wakapiga. Mama yule aliyenipokea alikuwa mchangamfu, akaniuliza habari za mama yangu, akanijazia yeye mwenyewe FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Wiki mbili baadaye nilikuwa mwanafunzi wa asosieti, ile shahada ya miaka miwili, ya usaidizi wa kliniki: kupima presha, kuchoma sindano, kutoa damu, kuandika miadi.

Mkopo wa serikali kwa mtu mzima anayejitegemea una kikomo: dola 9,500 mwaka wa kwanza, 10,500 mwaka wa pili. Nilichukua yote. Ada ikabaki na pengo, chuo kikanielekeza kwa mkopeshaji binafsi: dola 7,400, riba asilimia 12.9. Sikuuliza tofauti ya mkopo na mkopo. Nilidhani deni ni deni.

Nilipomaliza nikapata kazi ya dola 15.25 kwa saa. Kwa mwaka ni dola 31,720 kabla ya kodi. Mikopo ya serikali ilinidai kama dola 210 kwa mwezi, ule wa binafsi dola 110. Jumla 320. Mama yangu Tanga nilikuwa namtumia 150 kila mwezi, na miezi mingine nilimtumia kwa kupunguza chakula changu.

Kuna kipimo ambacho Wizara ya Elimu yenyewe imewahi kukiweka kwenye kanuni zake za kubana programu zinazowaachia watu madeni: malipo ya deni kwa mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka. Nilikuja kukijua baadaye sana, nikakaa na kikokotoo. Asilimia 8 ya 31,720 ni dola 2,538, yaani 211 kwa mwezi. Tazama sasa. Mikopo yangu ya serikali ilikuwa 210. Kwa mikopo ya serikali peke yake, mimi ni mhitimu aliyefaulu kipimo, tena kwa dola moja. Mkopo wa binafsi ndio uliozidisha kipimo, na huo College Scorecard haiuoni.

Hili ni kasoro kubwa ya kwanza ya tovuti hii, na ningependa kila anayeifungua alijue kabla hajasoma namba yoyote. Deni inaloonyesha ni la mikopo ya serikali tu, na ni la wale waliokopa. Chuo kinachowasukuma wanafunzi kwa wakopeshaji binafsi kinaweza kuonekana na deni sawasawa na chuo kisichofanya hivyo, maana mkopo wa serikali una dari na wote wanaigonga dari ileile. Kilichozidi dari hakiandikwi.

Nirudi kwenye hesabu yangu. Machi 2020 serikali ilisimamisha malipo na riba ya mikopo yake kwa sababu ya janga la korona, na hali ikabaki hivyo hadi riba ilipoanza tena Septemba 2023. Ule wa binafsi haukusimama hata mwezi mmoja. Mwaka huohuo wa 2020 nilimwona mzee niliyewahi kumtunza akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia, na pembeni ya kitanda alikuwa dada mmoja aliyekuwa akiirekebisha ile mashine kila baada ya dakika chache, anasikiliza kifua, anasoma namba, anarekebisha tena. Nilimuuliza alisomea nini. Tiba ya upumuaji, akasema, asosieti ya chuo cha jamii, vile vyuo vya umma vya miaka miwili. Miaka miwili, kama mimi. Shahada za jina moja, urefu mmoja, na yeye alikuwa akilipwa karibu mara mbili yangu.

Usiku ule nikaifungua tovuti kwa mara ya kwanza. Nikakitafuta chuo cha jamii cha kaunti yetu, nikaenda kwenye tiba ya upumuaji, nikakuta patupu. Hakuna kipato wala deni. Nilikaribia kukata tamaa, nikidhani programu mbaya ndiyo huficha namba. Sivyo. Programu ndogo hazionyeshwi ili mtu binafsi asitambulike, na darasa nililokuja kujiunga nalo lilikuwa na watu kumi na wanane. Kwenye afya programu nzuri mara nyingi ni ndogo, kwa sababu nafasi za mafunzo hospitalini ni chache na chuo hakiwezi kuchukua watu zaidi ya vitanda vilivyopo. Basi unakuta chuo chenye madarasa makubwa kina namba zilizojaa na zinapendeza, na chuo kilichochagua wanafunzi kumi na wanane kwa uangalifu kina nafasi tupu. Namwomba msomaji asiihukumu nafasi tupu.

Pa kwenda ukiikuta ni kwenye bodi ya ithibati ya fani yenyewe, ile inayokagua na kuidhinisha programu. Kwa tiba ya upumuaji inaitwa CoARC, na inaweka hadharani, programu kwa programu, ni wangapi wanafaulu mitihani ya taaluma, wangapi wanaacha njiani na wangapi wanapata kazi. Kwa mionzi ipo JRCERT, nayo inafanya hivyohivyo. College Scorecard haina kiwango cha kufaulu mtihani wa leseni, na kwa fani hizi mtihani ndio mlango. Bila mtihani wa NBRC, bodi ya mitihani ya fani yetu, mimi si mtaalamu wa upumuaji, hata kama asosieti imening'inia ukutani kwa fremu ya dhahabu.

Nilianza kusomea tiba ya upumuaji pale chuo cha jamii 2021. Masomo yangu ya chuo cha kwanza hayakukubaliwa hata moja, nikarudia anatomia, nikarudia hesabu. Pell, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, ilikuwa imeshaliwa sehemu na chuo cha kwanza, maana ina kikomo cha mihula kumi na miwili maishani. Hata hivyo ilitosha ada ya chuo cha jamii. Nilikopa dola 6,000 tu za serikali kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Lakini gharama iliyoniumiza haikuwa ada. Mwaka wa pili nilikuwa hospitalini siku tatu kwa wiki, kila zamu ikiwa na urefu wa saa kumi na mbili, bila malipo. Hayo ndiyo mafunzo ya vitendo, na fani nyingi za afya haziyakwepi. Nilibaki na Jumamosi na Jumapili za kutafuta pesa. Kipato changu kilishuka hadi kama dola 14,000 mwaka ule. Tofauti ya hiyo na mshahara niliouacha ni kubwa kuliko mkopo wenyewe, na hakuna tovuti inayoiandika kwenye safu ya gharama. Mtu mwenye wazazi wa kumlisha haioni. Mwenye kodi, mtoto na mama Tanga anaiona kila mwezi. Gharama ya mwaka inayoonyeshwa kwenye Scorecard imepimwa kwa wanafunzi wa mara ya kwanza wanaosoma muda wote, kwa hiyo mtu wa miaka thelathini na kitu anayesoma kwa kujigawa asiichukue kama bei yake.

Leo nalipwa dola 34 kwa saa, saa 36 kwa wiki, yaani dola 63,648 kwa mwaka. Madeni yote, ya kale na mapya, ni kama dola 384 kwa mwezi. Asilimia saba na kidogo ya kipato. Nadaiwa zaidi kuliko nilipokuwa msaidizi wa kliniki, na ninapumua.

Sasa ile mara ya pili.

Dada yangu na wanawe walifika 2021. Kiangazi kile cha 2024 binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, aliingia jikoni na tabasamu. "Shikamoo mama mdogo, nimepata chuo." Ultrasaundi, asosieti, chuo binafsi, dola 48,000 kwa programu nzima. Alikuwa ameshaifungua College Scorecard mwenyewe, jambo lililonifurahisha, na alikuwa amepiga picha ya skrini.

"Hapa wanasema waliomaliza wanalipwa vizuri."

"Waliomaliza nini, mwanangu?"

"Si hii ya ultrasaundi?"

Nikamwambia asome kichwa cha habari polepole. Hakikuandikwa ultrasaundi. Kiliandikwa kitu kirefu, taaluma shirikishi za afya za uchunguzi, uingiliaji na tiba. Hapa pana kasoro ya pili, na kwa watu wa fani zetu naiona kubwa kuliko zote. Tovuti inazipanga programu kwa makundi ya serikali, na kundi moja linaweka pamoja ultrasaundi, mionzi, tiba ya upumuaji, wasaidizi wa chumba cha upasuaji na wahudumu wa ambulensi. Ofisi ya takwimu za ajira ya Marekani, kwa Mei 2023, ilimweka mtaalamu wa ultrasaundi wa katikati kwenye dola 84,470 kwa mwaka na yule wa upumuaji kwenye 77,960. Mhudumu wa ambulensi wa ngazi ya juu yuko juu kidogo ya 53,000. Ukiwachanganya hao kwenye chungu kimoja, namba inayotoka si ya yeyote kati yao. Chuo chenye wahudumu wa ambulensi wengi kitaonekana kibaya hata kama ultrasaundi yake ni bora kabisa, na kinyume chake.

Kundi la jirani ni baya zaidi. Msaidizi wa kliniki, ile kazi yangu ya kwanza, yuko kundi moja na msaidizi wa fiziotherapia. Wa kwanza dola 42,000, wa pili 64,080, kwa takwimu za Mei ileile. Meno nako hivyohivyo: anayemshikia daktari vifaa na anayesafisha meno kwa leseni yake wako safu moja, na anayesafisha anapata dola 87,530. Ningekuwa na nafasi ya kuwaambia watu wa Wizara jambo moja, ningewaomba wavunje makundi haya. Mtoto wa miaka kumi na tisa hawezi kujua kwamba namba aliyoikubali ni wastani wa maisha matano tofauti.

Na hizo za ofisi ya ajira zenyewe ni za mtu wa katikati kati ya wote walioko kazini, pamoja na waliokaa miaka ishirini. Anayeanza yuko chini yake. Mimi mwenyewe niko chini yake.

Tukachukua karatasi, upande wa nyuma wa bili ya umeme. Ada 48,000. Pell ya juu kabisa mwaka ule ilikuwa dola 7,395, na kwa kipato cha dada yangu angepata yote. Miaka miwili, 14,790. Mkopo wa serikali kwa kijana anayehesabiwa bado yuko chini ya wazazi ni 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 wa pili, jumla 12,000. Zinabaki dola 21,210. Hizo zinatoka wapi? Alinyamaza. Ilikuwemo kwenye zile karatasi, ukurasa wa nne, jina la mkopeshaji binafsi, na mahali pa saini ya mdhamini. Mdhamini alikuwa mama yake, anayesafisha ofisi usiku.

Kwa riba ya 2024, ile 12,000 ya serikali ingemdai kama dola 136 kwa mwezi kwa miaka kumi. Ndiyo aina ya deni ambayo tovuti ingeionyesha, na ukiiangalia unasema mbona nafuu. Ile 21,210, nikiipigia riba niliyopewa mimi, ni kama dola 315. Jumla 451. Binti aliishika ile karatasi muda mrefu.

Haki itendeke: kwa mtaalamu wa ultrasaundi wa katikati, 451 inabebeka. Asilimia 8 ya 84,470 ni zaidi ya dola 560 kwa mwezi. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila mkopo mkubwa ni mtego. Zipo fani za miaka miwili zinazoulipa mkopo wake, na ultrasaundi ni mojawapo. Swali lilikuwa kama chuo kile kingemfikisha huko. Tukatafuta programu yao kwenye orodha ya CAAHEP, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za ultrasaundi. Haikuwemo. Chuo chenyewe kilikuwa na ithibati kama chuo, na kwenye Scorecard hilo linatosha kionekane kama vingine vyote. Programu haikuwa nayo. Bila hiyo, njia ya kufika kwenye mtihani wa ARDMS, ule wa cheti cha ultrasaundi, inakuwa ndefu na yenye mashaka, na hospitali kubwa zinauliza cheti hicho. Akiishia kufanya kazi ya kliniki ya dola 42,000, dari ya asilimia 8 ni dola 280 kwa mwezi, naye anadaiwa 451, na mama yake amesaini.

Binti aliwapigia simu palepale, spika ikiwa wazi. Akauliza kwa heshima kama programu ina ithibati ya CAAHEP. Akajibiwa kwamba chuo kina ithibati. Akauliza tena. Akaambiwa atapigiwa na mtu mwingine. Nilimtazama dada yangu, alikuwa amesimama kwenye friji na sare ya kazi, hajasema neno tangu tuanze.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nne kati ya tano, na nazitoa kwa moyo mmoja. Ni bure, inafunguka vizuri kwenye simu, haikuombi namba yako wala haikupigii asubuhi, ina sehemu ya kulinganisha vyuo bega kwa bega, na namba zake za kipato hazikutungwa na anayekuuzia. Sehemu ya wanaomaliza ni ya kuangaliwa kwanza kuliko zote, maana mkopo unalipwa na aliyeacha njiani pia. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya yale makundi. Mkopo wa binafsi sijawatoza nyota, kwa kuwa huo hauko mikononi mwao, ila ningependa onyo liwekwe pale pale kwenye namba ya deni, kwa herufi zinazosomeka.

Kama ningekuwa nayo mwaka 2017? Nimejiuliza sana. Wakati ule ingenionyesha chuo kizima tu, bila programu. Huenda sehemu ya wanaomaliza ingenishtua. Ule mkopo wa binafsi nisingeuona.

Hakuna aliyempigia binti kutoka chuo kile kuhusu CAAHEP. Walimpigia mara sita kuhusu tarehe ya kuanza. Alijiandikisha anatomia kwenye chuo cha jamii muhula wa vuli, akaomba nafasi ya ultrasaundi hapohapo, programu yenye ithibati, ambako nafasi ni chache na orodha ya kusubiri ni ndefu. Alikuwa wa thelathini na moja. Wiki iliyopita amenitumia ujumbe, ni wa tisa, na anaomba nimtafutie zamu za wikiendi pale kwenye nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya zamani, aanze kuweka akiba ya ule mwaka wa mafunzo ya vitendo. Nimeongea na msimamizi. Anaanza Jumamosi.